Sekunde Ambazo Hakuna Aliyeziomba

Norbert Stelmach alikuwa na dini moja, nayo ilikuwa sekunde. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhandisi wa taa za barabarani katika mji wa Harlan Heights, kaskazini mwa Ohio, na muda wote huo alichukia kitu kimoja kwa moyo wake wote: gari lililosimama kwenye taa nyekundu huku barabara inayokatiza haina hata paka. Akiliona jambo hilo tumbo lilimuuma, na si kwa utani. Mkewe alikwisha kuzoea. Wakienda Toledo kwa dada yake, Norbert angeweza kukaa kimya nusu saa nzima, halafu akasema, "Ile taa ya pale nyuma imetupotezea sekunde kumi na tisa. Kwa ajili ya nani?"

Mwezi wa nne mwaka huo alipata alichokuwa akikililia. Halmashauri ilimruhusu kung'oa sanduku la zamani la kuongozea taa kwenye makutano ya barabara ya Mercer na mtaa wa Aldine. Mercer ni barabara ya njia saba, na magari yake hayana simile. Aldine ni mtaa wa nyumba za matofali na vibaraza vidogo. Sanduku la zamani lilikuwa na magurudumu ya chuma ndani yake. Lilizunguka usiku na mchana, likimpa kila mtu zamu yake, awepo asiwepo. Norbert akalitupa na kufunga jipya lenye akili. Chini ya lami ya Aldine akatandika nyaya za kuhisi magari, akapiga magoti kuzirekebisha kwa mikono yake mpaka zikahisi hata baiskeli, na juu yake akachora baiskeli ndogo nyeupe ili mwendeshaji ajue pa kusimama. Chama cha waendesha baiskeli kilimwandikia barua ya shukrani, akaitundika ofisini. Kwa waendao kwa miguu akaweka kitufe kizuri cha chuma, chepesi kubonyeza, chenye mlio wa kumsaidia asiyeona. Ukibonyeza, picha ya mtu mweupe anayetembea inawaka kwenye taa ya upande wa pili na unapewa sekunde ishirini na nne za kuvuka Mercer. Usipobonyeza, taa haikujui.

Takwimu zikaanza kuingia. Siku za wiki watu walibonyeza kwa mamia. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, hakubonyeza hata mmoja. Magari ya kutoka Aldine nayo yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Norbert akahitimisha kwamba Jumamosi watu wa Aldine wanalala, akaandika ripoti kwamba Mercer sasa inapita siku hiyo bila kizuizi, na mkuu wake, Bwana Pruitt, akaisoma mbele ya halmashauri kwa sauti ya mtu aliyeifanya kazi hiyo yeye mwenyewe.

Hapa mtu ana ruhusa ya kucheka. Norbert alijua, kama kila mtu mjini alivyojua, kwamba Aldine ni mtaa wa Wayahudi washika dini na kwamba siku ya Sabato hawaendeshi magari. Ndiyo maana nyaya zake zilipokaa kimya hakushtuka. Kutoka hapo hadi kujiuliza watu hao wanafikaje kwenye sinagogi lao, lililoko ng'ambo ya Mercer, ni hatua moja tu. Hatua hiyo hakuipiga.

Simu zilianza mwezi wa sita. Kila Jumatatu asubuhi alikuta ujumbe wa sauti wa mama mzee, mfupi, usio na salamu: "Taa yenu ya Aldine hainioni." Kila Jumanne Norbert alikwenda, akabonyeza kitufe, mtu mweupe akawaka, akaandika kwenye fomu: haina hitilafu. Akafanya hivyo mara kumi, na kila mara akarudi ofisini akiwa ameridhika. Mwishoni mwa Agosti, simu ilimkuta mezani.

"Naitwa Breindel Lefkovits," mama yule alisema. "Nina miaka themanini na nne na goti moja ni la kiwandani. Nimevuka barabara hiyo miaka arobaini na sita. Marehemu mume wangu aliivuka mpaka wiki aliyokufa. Sasa taa yenu hainioni."

"Bibi, nilikuja mwenyewe wiki iliyopita. Inafanya kazi vizuri kabisa."

"Ulikuja Jumanne."

"Ndiyo, Jumanne."

"Jumanne hata mimi inaniona. Njoo Jumamosi." Akavuta pumzi. "Sikiliza, Bwana Stelmach. Juzi nilikwama katikati ya Mercer, lori likanipigia honi mpaka kofia ikanitoka. Jirani yangu mwenye mdomo akampigia simu mwanangu Hillel huko Baltimore. Hillel anakuja kabla ya sikukuu zetu za mwaka mpya, wiki nne kutoka sasa. Ameniambia waziwazi: mama, nitasimama nikuangalie ukivuka. Ukishindwa, nyumba inauzwa na wewe unakuja kukaa kwetu. Wamenitengea chumba chini ya ngazi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bibi."

"Hunielewi. Lakini njoo."

Norbert alikwenda. Alivaa fulana yake ya rangi ya chungwa, akashika kalamu na karatasi ya kuhesabia. Mhesabu watu ana miiko yake, na Norbert aliwafundisha vijana wote wa idara miiko hiyo: usiguse kitu, usizungumze na unaowahesabu, usilete mabadiliko yoyote katika unachokitazama. Akasimama kando ya nguzo yenye kitufe na kungoja.

Saa tatu kasoro wakaanza kufika. Wanaume wa kofia nyeusi, akina mama wenye vigari vya watoto, wazee wawili waliokuwa wakibishana kuhusu jambo la zamani. Walisimama ukingoni. Hakuna aliyebonyeza. Dakika moja, mbili, nne. Watu ishirini na watatu walisimama mita moja kutoka kwenye kitufe na hakuna aliyenyoosha hata kidole, nao hawakuonekana kushangaa. Norbert aliandika. Nyuma yake mama mzee mwenye fimbo alisema kwa nguvu kidogo, bila kumlenga mtu, "Ai, jinsi barabara hii ilivyo ndefu leo." Norbert aliandika hilo pia, kisha akalifuta, kwa kuwa halikuwa na safu yake kwenye fomu. Mama yule akalirudia. Norbert akatazama saa.

Dakika ya sita gari la kupeleka mikate lilitokea Aldine, nyaya zikalihisi, na taa ya kijani ikawaka kwa sekunde tisa, kiasi cha gari moja kupita. Vijana walivuka mbio. Akina mama walivuka mbio, vigari vikigongagonga. Mama mwenye fimbo alifika njia ya tatu, taa ikageuka, na Mercer nzima ikanguruma. Akabaki pale wima, magari yakimpita mbele na nyuma, mkono mmoja ameshika kofia.  Norbert alisahau miiko yote, akaingia barabarani akipunga ile karatasi, magari yakafunga breki, matusi yakamwagika, na yule mama akamaliza safari yake kwa mwendo uleule. Alipofika ng'ambo aliinua fimbo kumwelekea, kama anayesema umeona, akaenda zake.

Norbert alikuwa ameona. Akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameelewa. Tangu ule ugonjwa uliofungia watu majumbani, wengi walikuwa wakiogopa kugusa vitu vya barabarani. Hilo lilikwisha kuandikwa hata kwenye majarida ya kazi yake. Basi watu wa Aldine hawataki kugusa. Dawa yake ipo. Akaazima kamera ya joto kutoka makutano mengine, kamera inayomhisi mtu akisimama tu ukingoni na kumwitia taa bila yeye kuinua mkono. Akaifunga juu ya nguzo, akaijaribu Alhamisi mara kumi na mbili, ikamwona mara kumi na mbili. Na kwa sababu alikuwa mtu muungwana, hakuwaacha watu wabahatishe. Akabandika tangazo kubwa kwenye nguzo: HUNA HAJA YA KUBONYEZA. SIMAMA HAPA, KAMERA ITAKUONA NA TAA ITAWAKA.

Jumamosi alisimama ng'ambo ya pili, mikono mfukoni, akingoja kufurahi.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa bwana mmoja wa ndevu nyekundu. Alisoma tangazo, akainua macho kwenye kamera, akarudi nyuma hatua kumi na tano kama aliyeambiwa pana nyoka. Waliofuata aliwazuia kwa mkono. Baada ya muda mfupi umati mzima ulikuwa umejibanza kwenye ua wa nyumba ya kona, ukiitazama kamera kwa mbali. Gari la mikate likaja, wakavuka mbio kutoka kulekule uani, na sasa sekunde tisa zilikuwa hazitoshi hata kwa vijana. Bibi Lefkovits alifika mwisho. Alivaa miwani, akasoma, akaitazama kamera kwa muda mrefu. Kisha akageuka na kurudi nyumbani.

Norbert alimpigia simu mchana ule. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, akakumbuka ni siku gani, akaona haya mwenyewe chumbani. Jumapili saa nne alikuwa mlangoni kwake.

Bibi Lefkovits alimketisha jikoni na kumkatia keki ya asali kabla ya kumsemesha.

"Miaka arobaini na sita," alisema, "sijakosa Sabato ila nilipojifungua na nilipowekewa goti hili. Jana nimekosa kwa sababu yako. Kula."

"Bibi, niliwafungia kamera ili msiguse kitu."

"Nimeiona."

"Sasa kwa nini mmerudi nyuma? Na kile kitufe, kwa nini hamkibonyezi?"

Mama alimtazama aone kama anafanyiwa mzaha. "Unaniuliza kweli?"

"Nauliza kweli."

"Wewe ni mhandisi, umesoma, unalipwa na mji huu, na hujui kwamba siku ya Sabato hatuwashi taa?"

Norbert aliacha kutafuna.

"Hatuwashi, hatuzimi," mama aliendelea. "Nyumbani kwangu taa ya sebuleni inawashwa Ijumaa mchana na inabaki hivyo. Kubonyeza kitufe chako ni kuwasha taa. Tena si taa ya sebuleni, taa ya barabara nzima!"

"Lakini kamera hamuigusi."

"Umeandika mwenyewe: simama hapa, taa itawaka. Nikisimama, ni nani amewasha? Ni mimi na tumbo langu."

"Na kama nisingeandika?"

"Tusingejua, tungevuka na kukuombea heri. Lakini umeandika. Tena kwa herufi kubwa, Mungu akubariki."

Norbert alisukuma sahani pembeni. Alikuwa akiona aibu waziwazi, masikio yamemwiva. "Jumamosi ile ya kwanza nilikuwa nimesimama palepale. Mimi si Myahudi. Mngeniambia tu nibonyeze."

"Haturuhusiwi kukutuma. Tunachoweza ni kuzungumza na hewa, na mwenye masikio akasikia. Nilisema mara mbili kwamba barabara ni ndefu. Wewe ulikuwa unaandika."

"Niliandika hilo pia," Norbert alisema. "Halafu nikalifuta."

Mama akacheka mpaka akashika meza, na Norbert naye akajikuta anacheka, ingawa kicheko chake hakikuwa na raha. Mama alipotulia aliuliza, "Lile sanduku la zamani lilitujuaje?"

"Halikuwajua. Lilizunguka tu. Halikumwuliza mtu."

"Basi lilikuwa sanduku lenye adabu."

 Norbert aliijua dawa sasa, na aliijua kwa tumbo kabla ya kichwa. Ilikuwa ni kuifanya taa imwashe yule mtu mweupe kila mzunguko, Sabato nzima, bila kuombwa, awepo mtu au asiwepo. Magari yangesimama mbele ya barabara tupu mara mia kadhaa kwa siku. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kulifuta jambo hilo katika mji mzima, taa moja baada ya nyingine.

"Itabidi taa imsubiri mtu ambaye hayupo," alisema polepole.

"Na sisi tulipokuwa tunaisubiri yako, tulikuwa wapi?"

 Norbert alimwomba watoke nje. Akapima futi themanini na nne kando ya nyumba, upana wa Mercer, akamwomba mama atembee. Vitabu vya kazi yake vinasema mtu anatembea futi tatu na nusu kwa sekunde. Bibi Lefkovits alitumia sekunde arobaini kamili.

"Bila kuringa," alisema, akihema.

Jumatatu Bwana Pruitt aliivuta ripoti ya Norbert kutoka kwenye droo na kumsomea maneno yake mwenyewe, aya nzima, kuhusu wizi wa muda wa raia.

"Sekunde arobaini," Pruitt alisema. "Kila mzunguko. Kwa hewa?"

"Mara nyingi kwa hewa, ndiyo."

"Na anayeniambia haya ni wewe? Norbert Stelmach?"

"Ni mimi. Ile ripoti ilikuwa ya kijinga. Nilihesabu vidole nikadhani nimehesabu watu."

Pruitt alimtazama kama anayemtazama padri aliyeingia baa. "Na madereva wakianza kupiga simu?"

"Wape namba yangu."

Wiki ile aliishusha kamera na kulibandua tangazo. Akasimama mbele ya sanduku lililo wazi na kuliamuru: Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumamosi saa nne usiku, mwaka mzima, mtu mweupe awake kila zamu, sekunde arobaini. Angeweza kufuatisha machweo ya kila wiki, dakika kwa dakika. Mwezi wa nne angefanya hivyo kwa furaha. Sasa aliweka saa pana na kuziacha. Kisha akatoa kalenda ya Kiyahudi ya duka la nyama aliyopewa na Bibi Lefkovits, akaingiza siku zote kumi na tatu za sikukuu ambazo nazo hawawashi taa, moja moja, akizihakiki kwa kidole.

Jumamosi Hillel alikuwepo. Alikuwa jitu la miaka arobaini na kitu, mwenye uso wa wasiwasi, na mkono wake haukuondoka kwenye kiwiko cha mama yake tangu walipotokea nyumbani. Norbert alisimama karibu na nguzo bila fulana na bila karatasi. Watu wengine walikwisha kuvuka zamu iliyotangulia; pale ukingoni walibaki watatu hao.

"Niachie," Bibi Lefkovits alimwambia mwanawe.

"Mama, tuvuke pamoja."

"Ukinishika, umevuka wewe. Ulisema utaniangalia. Kaa hapa uniangalie."

Mtu mweupe akawaka. Hakuna aliyekuwa amefanya lolote. Magari ya Mercer yakasimama, njia zote, na mama akashuka ukingoni.

Norbert aliwahi kuangalia maelfu ya watu wakivuka barabara na hakuwahi kuogopa. Sasa aliogopa. Namba zilianza kushuka chini ya mkono mwekundu, ile picha ya kumwonya mvukaji aharakishe, na mama alikuwa bado njia ya pili. Dereva wa gari la mbele alishusha kioo, akatoa kichwa. "Mama, leo tutafika?" Bibi Lefkovits hakumgeukia. Katikati ya njia ya nne alisimama. Hillel akatoa sauti ndogo na kupiga hatua. Norbert, bila kufikiri, akamshika mkono wa koti.

"Subiri," alisema.

"Amekwama!"

"Anapumua. Ana sekunde kumi na tisa. Subiri."

Mama alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaendelea, sasa kwa haraka kidogo. Njia ya tano. Ya sita. Namba zilikuwa nne alipopandisha goti la kiwandani kwenye ukingo wa ng'ambo, tatu alipopandisha mguu mwingine.

Hillel alifuta uso kwa kiganja. Akataka kumfuata, lakini zamu ya wavukaji ilikwisha kuisha na Mercer ikafunguka tena, ikamwacha amesimama upande huu na Norbert. Alikitazama kitufe, akauweka mkono nyuma ya mgongo.

"Chumba tumeshakipaka rangi," alisema, kama anayejisemea. Kisha akauliza, "Hii inarudi lini?"

"Dakika moja na nusu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu," Norbert alimwambia. "Inakuja yenyewe."

"Mama!" Hillel alipaza sauti juu ya ngurumo ya magari. "Mama, ningojee!"

Ng'ambo, Bibi Lefkovits aliweka kofia yake sawa. Ibada ilikuwa imeanza, na hakuwa na muda wa kumngoja mtu. Akashika njia ya kwenda sinagogi, peke yake, bila kugeuka.